Jiko la stima likigoma: lipi lako, lipi la fundi?

Je, msomaji, umewahi kuteleka chai juu ya jiko la stima, ukangoja na kungoja, na maji yakabaki baridi kama yalivyotoka mferejini? Au umetoa keki ya mteja katika oveni ukaikuta imeungua juu na ni mbichi chini? Katika miji ya Meru na Embu, ambako asubuhi za Julai huja na ukungu na baridi ya Mlima Kenya, jiko likigoma saa kumi na mbili alfajiri watoto huenda shuleni bila kitu cha moto tumboni. Si ajabu basi kwamba wengi hukimbilia bisibisi kabla ya kumkumbuka fundi.

Ukurasa huu ni wa afya, si wa ufundi. Hata hivyo, jikoni ni mahali ambapo mambo haya mawili hukutana kila siku. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240, na stima hiyo si mgeni kwa watu wa Embu. Mabwawa ya Mto Tana yaliyo mpakani mwa kaunti hiyo, kuanzia Kindaruma lililoanza kazi mwaka wa 1968 hadi Kiambere la mwaka wa 1988, yamekuwa yakiizalisha kwa miongo mingi. Tumeizoea kiasi kwamba tunasahau inavyoweza kuua.

Kuna jambo moja tunaloomba ulishike kabla ya kusoma zaidi. Watu wengi hudhani hatari ya kujirekebishia jiko ni kunaswa na stima wakati wa kazi yenyewe. La hasha. Mtu akichomoa plagi na kufungua jiko lililopoa, mara nyingi atamaliza kazi yake salama na kujisifu. Hatari huja baadaye. Waya mmoja uliofungwa vibaya ukigusa mwili wa jiko, jiko zima linakuwa na stima. Atakayelipa si yule aliyeshika bisibisi, bali ni yule atakayekuja kupika kesho akiwa na mikono yenye maji, au mtoto atakayeshika mlango wa oveni huku amesimama peku sakafuni.

Kwa hivyo mpaka wetu ni huu: kazi za nje ya kifuniko cha jiko ni zako, kazi za ndani ya kifuniko ni za fundi. Utashangaa kuona jinsi kazi za nje zilivyo nyingi.

Kabla ya kugusa chochote

Zima visu vyote vya jiko. Kama jiko lina plagi, ichomoe kabisa ukutani. Usitosheke na kuzima swichi ya soketi. Kama ni jiko kubwa lililounganishwa moja kwa moja na ukuta, zima swichi yake ya ukutani, kisha uzime breka yake au swichi kuu iliyo karibu na mita. Waambie watu wa nyumbani wasiiwashe. Ikiwa jiko lako ni la mchanganyiko, lenye vichomeo vitatu vya gesi na pleti moja ya stima kama yalivyo mengi mijini, funga pia gesi kwenye mtungi. Kausha mikono na sakafu, vaa viatu vyenye soli ya raba, na uache jiko lipoe. Pleti ya chuma hubaki na moto kwa muda mrefu baada ya kuzimwa, na haibadiliki rangi kukuonya.

Huenda jiko halina ubaya wowote

Anza na maswali mepesi. Je, taa za nyumba zinawaka? Je, tokeni hazijaisha? Je, breka ya jiko haijaanguka? Ikiwa imeanguka, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, iache hivyo na umwite fundi. Breka inayoanguka mara kwa mara si mkorofi; inajaribu kukuambia jambo.

Swali la pili ni la saa. Oveni nyingi zenye saa hukataa kupata moto baada ya stima kupotea na kurudi. Namba humetameta, na mwenye jiko hudhani oveni imeungua. Kumbe oveni inangoja tu uweke saa upya, au uirudishe kwenye alama ya mkono, yaani upishi wa kuamuliwa na mtu mwenyewe. Kwa oveni zenye kisu cha dakika, kisu kikiwa kwenye sifuri oveni haiwaki. Kigeuze hadi alama ya mkono au uweke dakika unazotaka. Fundi akiitwa kwa jambo hili atalimaliza kwa kidole kimoja na kukudai nauli.

Swali la tatu ni la nguvu ya stima. Wakati wa jioni, kila nyumba inapopika, volti huweza kushuka, hasa kwa walio mwisho wa laini. Moto wa jiko hupungua haraka kuliko volti zenyewe. Pleti ya wati 1,500 ikipata volti 200 badala ya 240 hutoa takriban wati 1,040 pekee, kumaanisha kwamba karibu theluthi moja ya moto imepotea. Ikiwa jiko ni dhaifu jioni lakini lina nguvu saa nane mchana, na taa nazo huwa hafifu jioni, tatizo si jiko. Ripoti kwa Kenya Power.

Swali la nne huwasahaulisha wengi. Mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu uko chini kidogo tu ya hapo. Katika mwinuko huo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 95, si 100 kama Mombasa. Githeri itachukua muda mrefu zaidi hata jiko likiwa jipya. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi joto zaidi, yanakauka tu. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, au utumie sufuria ya presha.

La mwisho, tazama sufuria yenyewe. Pleti ya stima hupitisha joto kwa kugusana. Sufuria iliyobonyea ikicheza juu ya pleti, moto mwingi hupotea hewani na pleti hujichoma yenyewe. Sufuria yenye kitako bapa, inayolingana na upana wa pleti, ni matengenezo yasiyohitaji spana.

Kazi unazoweza kuzifanya

Sasa twende kwenye kazi zenyewe, tukianza na fyuzi. Plagi zetu za miguu mitatu bapa huwa na fyuzi ndani. Jiko likikataa kabisa kuwaka, chomoa plagi, fungua, na ujaribu fyuzi ya ampea 13 kutoka kwenye plagi nyingine unayojua ni nzima, kwa mfano ya pasi. Jiko likiwaka, nunua fyuzi mpya ya ampea 13. Usizibe nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya fedha ya sigara, kipande cha waya au msumari. Fyuzi hukatika ili waya za nyumba zisiungue. Ukiweka msumari, kitakachokatika ni kitu kingine, na huenda kikawa kilicho ndani ya ukuta ukiwa umelala.

Plagi iliyopasuka au kuungua unaweza kuibadilisha mwenyewe, kwa kuwa ikiwa mkononi mwako nje ya soketi haina stima. Ifungue na uitazame ndani, mguu mrefu ukiwa juu. Waya wa kahawia huenda kulia, upande wenye fyuzi. Waya wa samawati huenda kushoto. Waya wenye mistari ya kijani na manjano huenda juu, kwenye mguu mrefu. Huu ndio waya wa athi, unaopeleka ardhini stima yoyote inayovuja. Katika vifaa vya zamani rangi zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpangilio huo huo. Acha waya wa athi uwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Kaza skrubu vizuri, na uhakikishe kibano cha plagi kinashika ganda la nje la kebo, si nyuzi za ndani. Nunua plagi yenye alama ya ubora ya KEBS. Nafuu ya shilingi chache haifai kitu mahali pa kupitisha moto wa jiko zima.

Mpira wa mlango wa oveni nao hustahili kuangaliwa. Oveni isiyofikia joto mara nyingi huvuja mlangoni. Weka ukanda wa karatasi kati ya mlango na oveni iliyo baridi, funga mlango, kisha uvute. Karatasi ikitoka bila kukinza, mpira hapo umechoka. Rudia pande zote. Mipira mingi hushikwa kwa vikulabu vidogo na hutoka kwa mkono. Nenda na ule wa zamani dukani upate wa kipimo kile kile. Jihadhari, kwani oveni za kale sana, zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, huenda zina asbesto katika mpira wa mlango au katika pamba ya kuzuia joto. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Ukiona nyuzi za kijivu zinazochanika, usizikwangue wala kuzipuliza. Oveni hiyo imestahili kustaafu.

Balbu ya oveni hubadilishwa kwa kufungua kikombe cha kioo kilicho ndani. Chomoa jiko kwanza. Nunua balbu ya oveni hasa, iliyoandikwa kwamba inastahimili nyuzi 300. Balbu ya kawaida inaweza kupasuka na kumwaga vigae katika chakula.

Usafi pia ni matengenezo. Mafuta yaliyoganda hufanya moshi, hushika moto, na huziba joto. Changanya magadi soda na maji kidogo, paka ndani ya oveni iliyo baridi, acha usiku mmoja, kisha ufute. Usipake kwenye mabomba yanayotoa joto. Dawa kali za dukani za kusafishia oveni aghalabu huwa na kostiki soda inayounguza macho na ngozi. Ukizitumia, vaa glavu, fungua madirisha, na uwatoe watoto jikoni. Pleti za chuma zifute kwa kitambaa chenye unyevu zikiwa zimepoa, zikaushe kwa moto mdogo, kisha uzipake mafuta ya kupikia kidogo sana ili zisishike kutu. Kamwe usimwage maji baridi juu ya pleti yenye moto, kwani hupasuka.

Jaribio la mkate

Keki ikitoka na sura mbili, fanya jaribio hili kabla ya kumwita fundi. Washa oveni hadi nyuzi 180, ngoja dakika ishirini, kisha upange vipande vinne vya mkate juu ya wavu wa katikati. Vitazame baada ya dakika kumi hivi. Vikiwa vimeiva juu tu, huenda elementi ya chini, yaani lile bomba linalotoa joto, imekufa. Vikiwa vimeiva chini tu, ni ile ya juu. Vikiwa vimeungua upande wa nyuma pekee, huenda trei huzuia hewa kuzunguka. Isogeze ibaki nafasi pande zote. Vikiwa vyeupe pande zote mbili, shaka ni kwenye themostati au elementi zote.

Kipimajoto cha oveni pia kinasaidia. Joto kupanda na kushuka nyuzi kumi au kumi na tano ni kawaida. Likiwa pungufu au zaidi kwa nyuzi thelathini kila mara, themostati imechoka. Ukimpa fundi majibu haya hatahitaji kubahatisha, wala hatakuuzia kifaa ambacho hakijaharibika.

Plagi yenye moto

Baada ya kupika kwa nusu saa, chomoa plagi na uiguse. Uvuguvugu mdogo si neno. Lakini ikiwa huwezi kuishikilia kwa sababu ya joto, ikiwa plastiki imekuwa ya kahawia, au kuna harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua, acha kutumia soketi hiyo leo hii.

Hesabu ni rahisi. Plagi ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,120 na si zaidi. Pleti moja ya wati 1,500 na oveni ya wati 2,000, zikiwaka pamoja, ni wati 3,500. Tayari umevuka mpaka kabla ya kuwasha birika. Kwa jiko la mchanganyiko, tumia oveni au pleti, si zote mbili kwa nguvu kamili kwa muda mrefu. Na usitumie ekstensheni kwa jiko wala oveni, hasa ile iliyoviringwa. Waya uliojikunja hushindwa kupoa na huyeyuka.

Jiko kamili la pleti nne na oveni linaweza kufikia wati 8,000, yaani zaidi ya ampea 33. Hilo halina biashara na soketi yoyote. Linahitaji waya wake mnene kutoka kwenye breka yake lenyewe, kazi inayofaa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, ile Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Muombe akuonyeshe leseni. Fundi wa kweli hakasiriki.

Koili iliyounganishwa

Tunawageukia sasa vijana wetu katika vyumba vya kukodi na mabweni, wakiwemo walio karibu na Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru. Jiko la koili iliyo wazi, ambalo waya wake umelala kwenye mfereji wa udongo bila kufunikwa, ni rahisi kununua na ni rahisi kuua. Waya ule unaowaka mwekundu una stima kamili. Sufuria ikiugusa, au uji ukifurika, mwiko wa chuma mkononi mwako unatosha kukunasa.

Koili hiyo ikikatika, wengi huvuta ncha mbili na kuzisokota pamoja. Inawaka tena, na moto unaonekana mkali kuliko zamani. Ni kweli ni mkali zaidi, na hapo ndipo penye ubaya. Waya umekuwa mfupi, kwa hivyo stima nyingi zaidi inapita, huku pale pa kusokotwa pakipata joto kuliko kwingine. Pataungua tena, na safari hiyo huenda kipande kikaangukia ganda la jiko. Koili iliyokatika hubadilishwa nzima au hutupwa. Afadhali zaidi ni kununua jiko la pleti iliyofunikwa. Na mahali ambapo stima imevutwa kienyeji bila kupitia mita, hatari huzidi maradufu, kwa kuwa mara nyingi hakuna breka itakayokata mambo yakiharibika.

Vidole vikisisimka

Ukigusa jiko na kuhisi vidole vikisisimka au kutekenywa, usilichukulie kuwa jambo la mzaha. Huo ni ujumbe kwamba stima inavuja na waya wa athi haufanyi kazi. Leo ulivaa viatu. Kesho mtu atakuwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Mwili wa binadamu hauhitaji stima nyingi. Takriban miliampea 10, yaani sehemu kumi za elfu moja za ampea, zinatosha kukaza misuli ya mkono usiweze kuachilia. Kuanzia miliampea 50 hivi, zikipita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake na kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Linganisha na balbu ya zamani ya wati 60, ambayo hutumia miliampea 250. Ngozi kavu huzuia kiasi. Ngozi yenye maji au jasho hufungua mlango.

Zima jiko kwenye swichi kuu, usilitumie, na uite fundi siku hiyo hiyo. Muombe pia aangalie kama nyumba yako ina kifaa cha kukata stima inapovuja. Ni kile chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, na cha nyumbani hukata mvujo ukifika miliampea 30, kabla moyo haujadhurika. Kibonyeze kitufe hicho mara moja kila baada ya miezi michache. Kisipokata stima, kimekufa.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Kenya wana sababu ya ziada. Oveni isiyotumiwa kwa miezi hunywa unyevu wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Unga ulio ndani ya elementi, ambao hutenganisha waya wenye stima na bomba la nje, hulowa, na stima huanza kuvuja. Ndiyo maana oveni nyingine huangusha breka siku ya kwanza ya kuoka keki ya Krismasi. Iwashe kwa moto mdogo nusu saa kila wiki mbili hata kama huoki chochote.

Fundi akija

Kubadilisha elementi, themostati, visu vya kuwashia au waya za ndani ni kazi ya fundi. Lakini hukatazwi kumtazama. Aanze kwa kuzima stima na kuthibitisha kwa kipimo kwamba haipo, si kwa kukisia. Aipime elementi kabla ya kuihukumu. Ya wati 2,000 huonyesha takriban ohmu 29, na ya wati 1,500 takriban ohmu 38. Isiyoonyesha chochote imekatika. Waya za ndani ziwe za kustahimili joto. Waya wa kawaida wa taa uliofungwa kwa tepe utayeyuka kabla ya mwezi kuisha. Mwisho, apime kama mwili wa jiko umeunganishwa na mguu mrefu wa plagi. Fundi anayekata waya wa athi ili breka iache kuanguka hajatengeneza jiko lako. Ameondoa mlinzi akamwacha mwizi ndani.

Stima ikipotea unapopika

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Hebu fikiria pleti iliyoachwa ikiwa imewashwa na sufuria ya plastiki au kitambaa kikiwa juu yake, na stima inarudi saa tisa usiku kila mtu akiwa amelala. Fanya iwe desturi: stima ikipotea, zima visu vya jiko kabla ya kutafuta mshumaa.

Mtu akinaswa

Usimguse. Ukimgusa naye angali kwenye stima mtakuwa wawili. Zima swichi kuu kwanza. Usipoweza kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, kama ubao au rundo la magazeti, umsukume mbali kwa mti mkavu au mpini wa ufagio wa mbao. Usitumie chuma wala kitu chenye maji.

Akishatengana na stima, mwite na umtikise bega. Kama haitiki na hapumui sawasawa, mlaze chali, tuma mtu aite msaada, na uanze kukandamiza kifua. Weka viganja vyako katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, ukandamize kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache hadi apumue au msaada ufike.

Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitalini, iwe ni ya rufaa ya Meru, ya Embu, au kituo kilicho karibu. Alama ya stima kwenye ngozi huweza kuwa ndogo kama punje ya mahindi ilhali misuli ya ndani imeungua sana, na mapigo ya moyo yanahitaji kuchunguzwa.

Akiungua kwa pleti au oveni

Weka mahali palipoungua chini ya maji safi ya mfereji yanayotiririka kwa dakika ishirini kamili. Vua pete, bangili na saa kabla ya uvimbe kuanza. Usipake dawa ya meno, siagi, yai, unga wala mafuta, kwani huzuia joto kutoka na huleta vijidudu. Usiweke barafu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata. Mtoto mdogo mwoshe pale palipoungua tu na umfunike kwingine, asije akapata baridi kali. Nenda hospitalini ikiwa kidonda kimezidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa, kiko usoni, mikononi au sehemu za siri, au ikiwa aliyeungua ni mtoto mchanga au mzee.

Kuhusu watoto, kumbuka pia mlango wa oveni. Ukiachwa wazi huwa ngazi. Mtoto akiukanyaga, jiko lote na sufuria zake huweza kumwangukia. Lifungie jiko ukutani kwa mnyororo wake, na uelekeze mikono ya sufuria nyuma.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Plagi yenye joto, breka inayoanguka na vidole vinavyosisimka ndizo nyufa za jikoni. Leo jioni, kabla ya kuteleka, igeuze plagi ya jiko lako uitazame. Kazi hiyo haihitaji fundi, nayo haichukui dakika moja.